Wanaoanza ni wengi, wanaobaki ni wachache

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walioolewa Tanzania wakitumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Utafiti huo ukarudiwa mwaka 2022, na safari hii ikawa asilimia 31. Katikati ya namba hizo mbili kuna semina, fulana, vipindi vya redio, magari ya huduma ya mkoba yaliyozunguka vijijini, na ripoti za miradi zilizojaa "wateja wapya". Wateja hao wapya walikuwepo kweli, kadi zao zipo. Ila wengi wao waliacha.

Utafiti wa 2015/16 wenyewe ulishasema: katika kila wanawake 100 walioanza kutumia njia fulani, 38 waliiacha kabla ya miezi 12 kuisha. Wapo walioacha kwa sababu nzuri, walitaka mtoto. Lakini kundi kubwa liliacha likiwa bado halitaki mimba, na sababu iliyoongoza ni ile ambayo mabango ya kliniki huiita "maudhi madogo madogo". Anayeamka miezi miwili mfululizo na damu haoni kama ni madogo. Kuongeza wanaoanza bila kugusa sababu za kuacha ni kuteka maji kwa pakacha, na hapo ndipo pesa nyingi za miaka hiyo zilipokwenda.

Kenya ilishapita hapa. Mwaka 1998 waliokuwa wakitumia njia yoyote, kati ya walioolewa, walikuwa asilimia 39. Mwaka 2003, asilimia 39. Wastani wa watoto kwa mwanamke, uliokuwa ukishuka kwa kasi tangu 8.1 ya mwaka 1977/78, ulitoka 4.7 ukarudi 4.9. Sehemu ya kupanda huko ni ya kitakwimu tu, kwa kuwa 2003 ndiyo mara ya kwanza utafiti kufika Kaskazini Mashariki, ambako watoto ni wengi zaidi. Lakini kukwama kwenyewe kulikuwa kwa kweli: fedha, watumishi na macho ya wakubwa vilihamia kwenye UKIMWI, na dawa za uzazi wa mpango zikawa zinakatika vituoni. Baadaye Kenya ikajinasua. Mwaka 2008/09 ilifika asilimia 46, 2014 ikafika 58, na 2022 ikafika 63, huku wastani wa watoto ukishuka hadi 3.4. Wa Tanzania mwaka huohuo ulikuwa 4.8.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye sensa. Mwaka 1978 Tanzania ilikuwa na watu milioni 17.5, na Kenya mwaka uliofuata ilikuwa na milioni 15.3. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, ya Tanzania ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Pengo la milioni mbili na kitu limekuwa, ukisawazisha miaka, la zaidi ya milioni kumi. Wanaoishika Kenya kama mfano wa kuigwa wasisahau kwamba wastani huo unaficha mengi: Nairobi ni watoto 2.5 kwa mwanamke na Mandera ni 7.7. Matumizi ya njia za kisasa Embu ni asilimia 75 ya walioolewa, Mandera ni asilimia 2. Ni nchi moja yenye bohari moja ya dawa.

Kuna hesabu inayowachanganya hata wanasiasa wanaojua mambo. Wakisikia watoto kwa mwanamke wamepungua Tanzania kutoka 5.2 hadi 4.8, wanategemea idadi ya watu nayo itapoa. Haipoi. Karibu asilimia 43 ya Watanzania wako chini ya miaka 15, maana yake mama wa miaka ishirini ijayo wameshazaliwa na ni wengi kuliko mama wa leo. Hata kila mmoja akizaa wachache, jumla ya watoto inaendelea kukua kwa miongo. Kasi ya ongezeko kati ya sensa mbili za mwisho ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo watu hujirudufu kwa takriban miaka 22. Chukua shule za msingi, zenye wanafunzi zaidi ya milioni 11. Wakiongezeka kwa asilimia 3 tu, ni watoto 330,000 wapya kila mwaka. Kwa darasa la wanafunzi 45, hayo ni madarasa zaidi ya 7,300 kwa mwaka, na hayapunguzi msongamano hata kidogo, yanauzuia tu usizidi. Bado hujaajiri mwalimu, hujanunua dawati, hujachimba choo.

Na jambo moja la kushangaza kidogo: watoto walipungua ilhali matumizi ya njia yalibaki palepale. Mchango mmojawapo unatoka kwa wasichana. Waliopata mimba au kuzaa wakiwa na miaka 15 hadi 19 walishuka kutoka asilimia 27 hadi 22. Kuchelewa kuanza kuzaa kunahesabika sawa na kupanga uzazi.

Sasa turudi kliniki, maana ndiko namba hizi zinakotengenezwa.

Sindano

Sindano ya Depo, ile ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, ni chupa ndogo ya mililita 1 yenye miligramu 150 za dawa. Dawa yenyewe haiyeyuki, huelea, na chupa ikikaa hutuama chini kama unga mweupe. Mhudumu asipoitikisa sawasawa anavuta maji na kuacha dawa kwenye kitako cha chupa. Mama anaondoka na kipimo pungufu, na hakuna atakayejua mpaka mimba iingie na watu waseme sindano siku hizi ni feki. Kosa la pili ni kusugua. Mkono wa muuguzi umezoea kukanda kwa pamba mahali palipochomwa, na mama naye hujikanda njiani kwa sababu panauma. Depo haitakiwi kukandwa. Dawa imewekwa ndani ya msuli itoke polepole kwa miezi mitatu, ukiikanda inatoka haraka na inakwisha mapema.

Kosa la tatu ni la tarehe, na hili ndilo baya kuliko yote. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 13, yaani siku 91. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchoma mapema hadi wiki mbili kabla, na kuchelewa hadi wiki nne baada ya tarehe, bila kipimo cha mimba na bila kinga ya ziada. Kwa hiyo aliyechomwa leo anaweza kuchomwa tena siku yoyote kati ya siku ya 77 na ya 119. Ni dirisha la wiki sita. Mkulima aliyekuwa shamba la mbali msimu wa kupalilia anaingia humo bila shida.

Kinachotokea vituoni ni kingine. Mama anafika siku ya 100, anaambiwa amechelewa, arudi akiwa kwenye hedhi. Huyu ni mtu wa Depo! Baada ya mwaka mmoja wa sindano karibu nusu ya wanawake hawapati hedhi kabisa. Anaambiwa asubiri kitu ambacho dawa yenyewe imekizuia. Atakapokiona, kuna uwezekano yai limeshapevuka kabla yake, na mimba ikatangulia. Hata aliyepitiliza siku ya 119 hastahili kurudishwa: ikithibitika kwa maswali au kipimo kwamba hana mimba anachomwa hapohapo na kupewa kondomu za siku 7.

Ipo Depo ya chini ya ngozi, miligramu 104 kwenye mililita 0.65, iliyofungwa kwenye kifuko laini chenye sindano yake fupi. Hii mtu anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani. Watafiti waliwafuatilia wanawake nchini Malawi kwa mwaka mzima: kati ya waliojichoma, asilimia 73 walikuwa bado wanaendelea mwezi wa 12, na kati ya waliochomwa na mhudumu ni asilimia 45. Dawa ni ileile. Kilichopungua ni nauli, foleni, na ile safari ya kwenda kukuta "zimeisha".

Namna yake: nawa mikono, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha tikisa kifuko kwa nguvu kwa sekunde 30. Sindano ikitazama juu, sukuma kifuniko kuelekea kwenye kifuko mpaka lile pengo katikati lizibe kabisa. Hatua hii ndiyo inayokosewa mno, kwa sababu pengo likibaki hata kidogo dawa haitoki, na mtu anadhani amejichoma kumbe amejidunga tu. Toa kifuniko. Bana ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu, au ya mbele ya paja, ingiza sindano yote huku kifuko kikiwa juu yake, minya polepole kwa sekunde 5 hadi 7. Chomoa, ndipo uachie ngozi. Usisugue. Kifuko kilichotumika kiingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, kopo la mafuta ya kujipaka linafaa, na kirudishwe kituoni. Kisitupwe chooni wala jalalani wanakochezea watoto.

Damu

Njia za homoni ya projestini pekee, kama sindano na njiti (vijiti laini vya dawa vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono), hubadilisha hedhi. Utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unakuwa mwembamba, na mishipa yake midogo inavujavuja bila mpangilio, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Baadaye utando unakuwa mwembamba kiasi kwamba hakuna cha kumwagika. Hiyo ndiyo sababu hedhi hupotea. Damu "haijikusanyi tumboni" na "haipandi kichwani", kwa kuwa haikutengenezwa. Maneno haya yanachukua dakika mbili kuyasema, na yakisemwa kabla ya kuchoma yana nguvu. Yakisemwa baada ya mama kurudi analalamika, yanasikika kama visingizio.

Kwa njiti mambo hayatabiriki zaidi: karibu mmoja kati ya watano hupoteza hedhi, wengine hupata matone, wengine hupata damu ya siku nyingi. Jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi ni kwamba damu hiyo ina matibabu. Kwanza mhudumu ahakikishe si mimba, si maambukizi, si uvimbe. Akiridhika, mwongozo unamruhusu kutoa ibuprofeni miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku 5, kwa asiye na vidonda vya tumbo, au vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kimoja kila siku kwa siku 21, kwa asiye na kizuizi kama shinikizo la damu au kunyonyesha mtoto mchanga. Havimalizi tatizo moja kwa moja. Vinampa mtu nafasi ya kupumua wakati mwili unazoea. Vyote viwili ni dawa za kawaida za zahanati, na bado jibu la kawaida ni "vumilia, itaisha".

Halafu kuna swali la kurudi kwa uzazi. Baada ya sindano ya mwisho ya Depo, mwanamke huchukua kwa wastani miezi 10 kushika mimba, na wapo wanaozidi mwaka. Ukitoa njiti, au kitanzi (kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi), uwezo unarudi mara moja. Binti aliyeolewa juzi anayetaka kusubiri mwaka mmoja tu, kumpa Depo ni kumtafutia ugomvi na mama mkwe. Huyu apewe vidonge au njiti, aelezwe sababu.

Kutoa njiti

Njiti zilipata umaarufu kwa sababu ya bei. Kuanzia mwaka 2013 wafadhili na watengenezaji walikubaliana kushusha bei kwa nchi maskini, na Jadelle iliyokuwa dola 18 ikawa dola 8.50. Leo Tanzania walioolewa wanaotumia njiti ni wengi kuliko wa sindano. Jadelle ina vijiti viwili vyenye miligramu 75 kila kimoja, kwa miaka 5. Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miligramu 68, kilichosajiliwa awali kwa miaka 3. Zote zinawekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, mkono ule usiotumika sana, chini kidogo ya ngozi.

Hilo "chini kidogo ya ngozi" ndilo linaloamua kila kitu. Ikiwekwa juujuu vizuri, unaigusa kwa kidole, na kuitoa ni kazi ya dakika tano: ganzi chini ya ncha ya kijiti, mpasuo wa milimita 2 au 3, unaisukuma kwa vidole mpaka ncha ichomoze, unaikamata kwa koleo ndogo. Mhudumu aliyekuwa na haraka, aliyesahau kuinua ngozi juu kwa sindano yake wakati wa kuingiza, anaizamisha ndani ya mafuta au msuli. Wakati wa kutoa haionekani wala haiguswi. Hapo isichimbwe kwa kubahatisha, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu iko karibu. Inahitaji ultrasaundi na mtu mwenye uzoefu, yaani rufaa ya hospitali ya mkoa, nauli na siku mbili za kazi. Kwa hiyo ukiwekewa, kabla hujavaa shati la mikono mirefu, papasa. Ikiwa wewe na mhudumu hamwezi kuigusa, tatizo liko hapo hapo na lishughulikiwe siku hiyo, kinga nyingine ikitumika wakati mkisubiri.

Tatizo kubwa zaidi si la ufundi. Timu ya huduma ya mkoba inakuja kijijini na njiti mia, inaweka, inaondoka. Zahanati iliyobaki haina wembe wa upasuaji namba 11 wala koleo, na muuguzi wake alifundishwa kuweka akakosa wa kumfanyia mazoezi ya kutoa. Mama akija mwezi wa nne kuitaka itolewe, anaambiwa ina miaka mitano, dawa ni ya gharama, asubiri. Au anatozwa pesa kwa huduma ambayo ni bure. Habari hiyo inafika kisimani kabla yake, na kumi wengine hawatathubutu kuweka.

Kwa nini iko hivyo? Tazama miradi inavyopimwa. Kipimo kinachotumika sana ni miaka ya kinga kwa wenzi: kondomu 120 zinahesabiwa mwaka mmoja, pakiti 15 za vidonge mwaka mmoja, sindano 4 za Depo mwaka mmoja. Implanon moja inahesabiwa miaka 2.5, Jadelle 3.8, kitanzi cha shaba 4.6, yote siku ileile ya kuwekwa. Waliotunga namba hizo hawakuwa wajinga, ndiyo maana Jadelle si 5, walishakata makadirio ya wanaotoa mapema. Lakini meneja wa mradi anayetakiwa kufikisha lengo kabla ya mwisho wa robo anaona jambo moja: kila njiti inayowekwa inampa 3.8, kila inayotolewa haimpi kitu. Mimi ningedai kila ripoti yenye safu ya "zilizowekwa" iwe na safu ya "zilizoombwa kutolewa" na ya "zilizotolewa siku hiyohiyo". Mfadhili akizitaka, zitajazwa.

Kwa anayetumia dawa nyingine: rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya njiti, na efavirenzi ya zamani ya VVU vilevile. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina tatizo hilo. Depo haiguswi na yoyote kati ya hizo. Mhudumu anatakiwa kuuliza, na asipouliza, mwambie.

"Rudi ukiwa kwenye hedhi"

Kurudisha wanawake nyumbani kwa kuwa hawako kwenye hedhi ni desturi kongwe na haina msingi wa kitabibu. Lipo orodha la maswali sita linalotosha kuondoa wasiwasi wa mimba hata pasipo kipimo. Je, umejifungua ndani ya miezi 6 iliyopita, unanyonyesha tu bila kumpa mtoto kingine, na hedhi haijarudi? Je, umekaa bila kukutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho au kujifungua? Je, umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita? Je, hedhi yako ya mwisho ilianza ndani ya siku 7 zilizopita, au 12 kama unataka kitanzi? Je, mimba imeharibika ndani ya siku 7? Je, umekuwa ukitumia njia ya kuaminika bila kukosea? Jibu la "ndiyo" kwa swali moja tu, pasipo dalili za mimba, linatosha. Mpe huduma leo. Anayerudishwa mara nyingi harudi, au hurudi na mimba.

Hilo swali la kunyonyesha lina mtego wake. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 pale masharti matatu yanapokutana: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, usiku na mchana, bila kukaa zaidi ya saa 4 mchana au 6 usiku. Uji wa mwezi wa tatu, mama aliyerudi sokoni asubuhi mpaka jioni: lolote kati ya hayo linaivunja kinga. Mama anayepanga kurudi kazini mwezi wa tatu aanze njiti au kitanzi kabla, tena kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, na njiti kabla hajatoka wodini. Depo kwa anayenyonyesha isubiri wiki 6.

Zimeisha

Stoo nayo ina namna yake ya kujidanganya. Kituo huagiza kwa kuangalia kilichotumika. Tuseme mwezi uliopita zilichomwa sindano 60. Mfamasia anaandika 60, anaagiza kwa 60. Lakini sindano ziliisha tarehe 20, kwa hiyo 60 hizo ni za siku 20. Mahitaji halisi ya siku 30 ni 60 gawanya kwa 20, zidisha kwa 30, ambayo ni 90. Akiagiza 60 zitaisha tena tarehe 20, na mwezi baada ya mwezi karatasi zitaonyesha kituo "kinachotumia 60" na hakina tatizo. Wengine waliokosa wameenda duka la dawa kununua P2, ambayo ni levonorgestreli miligramu 1.5 ya dharura ndani ya saa 72 (hadi 120, nguvu ikipungua kila saa), na wanaitumia kama njia ya kila wiki. Haikuundwa kwa hilo.

Na hapo bado hatujazungumzia bohari kutokuwa na kitu. Marekani ilipositisha misaada mwanzoni mwa 2025, vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya dola milioni 9.7, ambavyo vilishanunuliwa, vilikwama ghalani Ubelgiji. Kwa hesabu ya IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, Tanzania pekee ilikuwa imetengewa humo sindano zaidi ya milioni 1 na njiti zaidi ya 365,000. Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zilikuwa kwenye orodha. Nchi ambayo njia yake kuu ni njiti inayolipiwa na mtu mwingine iko pabaya mtu huyo akibadili mawazo.

Njia ya bei rahisi kuliko zote tunayo na hatuitumii. Kitanzi cha shaba, kile cha herufi T, hununuliwa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, kwa chini ya dola moja, kinakaa miaka 10 na zaidi, hakina homoni, hakigombani na dawa yoyote. Ubaya wake ni hedhi nzito na maumivu ya tumbo miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kwa hiyo mwenye upungufu mkubwa wa damu aangaliwe kwanza kama kinamfaa. Lakini kinachokifanya kiwe nadra vituoni siyo hicho. Kukiweka kunataka kitanda cha uchunguzi chenye pazia, taa, kifaa cha kufungulia uke kilichochemshwa, glavu, kipimo cha urefu wa mfuko wa uzazi, na muuguzi mwenye nusu saa. Njiti inataka dakika tano na kiti. Zahanati yenye muuguzi mmoja, foleni ya watoto wa chanjo mlangoni na umeme wa kubahatisha itaendelea kutoa njiti mpaka ya mwisho kwenye boksi.